Flashi Tatu

Haya niliambiwa na Nasteho mwenyewe, mke wa Dubow wa mbuzi, mwezi wa Disemba mwaka wa elfu mbili na tisa. Tulikuwa tumekaa kwa mlango wangu hapa Kitengela tukichambua maharagwe, mvua imeshanyesha na watu wameanza kucheka tena. Aliongea kama anayesimulia habari za mtu mwingine. Mengine nilipata kwa Kafiya, msichana wake, na mengine kwa Nashipae wa maziwa. Nimeyaweka pamoja vile yalivyofuatana.

Ilikuwa Agosti ya ule ukame. Dubow alikuwa ananunua mbuzi huko Bisil na Kajiado, anawalisha kidogo hapa nyumbani, halafu anamuuzia Kiragu mwenye bucha kubwa Nairobi. Siku moja Kiragu akamwambia, "Mzee, mimi sitakuwa nikija kuangalia mbuzi tena. Mafuta ya gari yamepanda. Nunua simu ya kisasa, unitumie picha. Mbuzi nikimpenda nasema lete. Kuna kijana wa Isinya ananitumia hivyo."

Dubow alikuwa na kasimu kadogo ka tochi, kamefungwa na raba ya tyubu ya baiskeli. Akarudi nyumbani na uso umekunjika.

"Huyo kijana wa Isinya atatunyang'anya Kiragu," akamwambia mkewe.

"Basi nunua hiyo simu," Nasteho akasema. "Lakini enda na Kafiya, ako likizo. Ukienda peke yako utauziwa redio."

Katika nyumba hiyo kulikuwa na mtu wa nne, Ambiyo, mama yake Dubow. Ambiyo hakuwa na kipande, yaani kitambulisho. Chake kilipotea zamani huko kaskazini, na kila alipoomba kingine aliulizwa baba yake alizaliwa wapi, babu yake alizikwa wapi, na nani aliona. Mwaka uliotangulia askari wa msako walipita kwa nyumba za Wasomali, wakamchukua, akalazwa kwa simiti ya seli mpaka Dubow akapata njia ya kumtoa. Alirudi amebebwa. Daktari aliyempima pressure alimwita Nasteho kando akamwambia, "Huyu mama akilala tena mahali kama pale, mtamchukua akiwa maiti."

Ndiyo maana Dubow na Nasteho walitengeneza mpango wa flashi. Unapiga simu, inalia kidogo, unakata kabla haijashikwa, kredo yako inabaki. Flashi moja ilikuwa kusema nimefika salama. Mbili, weka chai, nakuja na mgeni. Tatu, askari wanakuja, toa mama, zima simu. Hiyo ya kuzima simu ilikuwa na sababu. Ile mara ya kwanza Ambiyo alikuwa chini ya kitanda na simu ya Nasteho mkononi, ikalia, ndipo askari akainama.

Na flashi haishikwi. Kuishika ni kumlia mwenzako kredo, na Nasteho hakuwa mwanamke wa kufanya hivyo.

Kafiya hakuambiwa mpango huu. Alikuwa kidato cha pili, shule ya bweni, na mama yake alisema mtoto asome, asibebe mambo ya askari kichwani.

*

Duka la Maweu liko Kajiado, karibu na stendi. Maweu ni Mkamba mwenye maneno mengi, anauza simu kwa kabati la kioo.

"Karibu mzee. Unataka ya kubonyeza ama ya kugusa?"

"Nataka ya picha."

"Zote ni za picha."

"Nataka ile picha mbuzi akifungua mdomo meno yanaonekana," Dubow akasema. "Mtu akinunua mbuzi anaangalia meno."

"Mzee, hiyo ni simu ama ni daktari wa mifugo?"

Kafiya akacheka akificha mdomo kwa hijabu. "Baba, sema tu unataka kamera poa."

Maweu akatoa tatu. Moja ilikuwa na herufi nyingi ndogo kama mashine ya kupiga chapa. Ya pili ilifunguka kwa kuteleza. Ya tatu ilikuwa kioo tupu, haina kitu cha kubonyeza. Dubow aliigusa hiyo ya kioo na kidole chake kilichokauka kwa kamba za mbuzi, ikakaa tu. Akagusa tena. Ikanyamaza.

"Hii hainitambui."

"Gusa kama unagusa mtoto, mzee. Hebu nipe laini yako niweke hapa kwa hii ya kwanza, tuflashi mtu tuone netiwaki."

"Mflashi mama," Dubow akamwambia Kafiya. "Ajue tumefika."

Kafiya akaandika namba ya mama yake kwa kichwa, ikalia kidogo, akakata. Wakati huo adhana ikasikika kutoka msikiti wa mjini. Dubow akarekebisha kofia.

"Naenda kuswali. Nikirudi nikupate umechagua. Na huyu akikwambia ni ya mwisho kwa duka, usikubali."

"Na ni ya mwisho kweli!" Maweu akaita nyuma yake.

Kafiya alibaki na simu mbili za kujaribu. Maweu akahamisha laini kwa ile ya kuteleza. Kafiya akamflashi mama, lakini simu ilikuwa inalegea shingo ukiifungua, hakuipenda. Laini ikahamishwa tena kwa ile ya kioo. Akamflashi mama tena. Hii ilikuwa nyororo mkononi, picha yake ilikuwa safi, na sauti yake kubwa kama ya spika ya kanisa.

"Mama yako atachoka na wewe," Maweu akasema.

"Hashikangi flashi. Anaangalia tu."

*

Nasteho alikuwa nje akivunja mabua ya mahindi, yale Dubow alileta kutoka Entarara kwa bei ya kuumiza, kwa sababu huku majani yote yalikuwa yameisha. Simu ikalia kwa mfuko wa gauni, ikanyamaza.

"Wamefika," akamwambia mama mkwe wake, aliyekuwa amekaa kwa mlango.

"Alhamdulillahi."

Baada ya muda ikalia tena, ikanyamaza. Nasteho akaangalia. Mbili. Akaingia jikoni akaongeza maji kwa sufuria, akashangaa ni mgeni gani huyu, na Dubow hata hajamaliza shughuli. Alikuwa na majani ya chai mkononi wakati simu ilipolia mara ya tatu.

Alisimama hapo hapo. Alingoja iendelee kulia, ipite flashi, iwe simu ya kawaida, aishike. Ikanyamaza.

Aliniambia, "Mama, nilitaka kumpigia nimuulize. Sikuwa na kredo hata ya shilingi moja. Na kama askari walikuwa wamesimama na yeye? Mwaka ule mwingine nilichelewa nikitafuta viatu vya mama. Nikasema, leo sitatafuta viatu."

Akazima simu. Akaenda nje akachukua wilbaro.

"Tena?" Ambiyo akauliza.

"Tena, mama."

"Nikae kwa hii ya samadi?"

"Nimeiosha," Nasteho akasema, na hakuwa ameiosha.

Akamlaza mzee wa watu humo amejikunja, magoti kifuani, akamfunika na gunia, akarundika mabua ya mahindi juu. Mbuzi walipoona chakula chao kinaondoka walipiga kelele kama wanachinjwa. Nasteho akafunga mlango na kufuli, akasukuma.

Alikuwa anaenda kwa ile nyumba ya mawe iliyokwama bila paa, nyuma ya ploti za mwisho, ambayo mwenyewe hajulikani alienda wapi. Hapo katikati akakutana na Nashipae, amebeba mitungi ya maziwa.

"Sopa, Mama Kafiya."

"Epa," Nasteho akaitikia.

"Mbona hivi?" Nashipae akasimama. "Watu wote wanatafuta chakula cha ng'ombe kwa taa, wewe unatoa kwa mbuzi unapeleka kichakani?"

Nashipae akaangalia mabua, akaona yanapanda na kushuka taratibu, yanapumua. Akaangalia chini, akaona kidole cha mguu kimejitokeza. Aliweka mitungi kando ya ua, akashika mkono mmoja wa wilbaro, wakasukuma wawili.

Kwa ile nyumba bila paa jua lilikuwa limesimama juu ya vichwa. Walimtoa Ambiyo, wakamkalisha kwa kona yenye kivuli kidogo kama kitambaa. Alikuwa anatoka jasho na midomo imekuwa ya majivu. Nasteho alimpepea na mtandio. Kila mlango wa gari uliogongwa mbali, aliacha kupepea akasikiliza.

"Hapa atakufa," Nashipae akasema. "Twende kwangu. Askari hatafuti Msomali kwa boma la Mmasai."

Wakamrudisha kwa wilbaro. Ndala moja ya Ambiyo ilibaki pale chini.

*

Dubow alirudi kutoka msikitini, akapata Kafiya amechagua ile ya kioo. Alibishana na Maweu kidogo, akatoa kasimu kake ka tochi kama nyongeza, wakakubaliana. Akapiga picha ya kwanza, Kafiya akicheka. Akaisogeza karibu na macho.

"Meno yanaonekana," akasema, na kwa mara ya kwanza wiki hiyo akatabasamu. "Wacha nimpigie mama yako simu ya kweli, ya kushika. Leo ashike."

Simu ikasema mteja hapatikani. Akajaribu tena.

"Chaji imeisha," akasema.

"Haiwezi kuwa chaji, baba. Si nimemflashi sasa hivi na imelia vizuri. Mara zote tatu imelia."

Dubow akageuka polepole. "Mara ngapi?"

"Tatu. Kila simu mara moja. Kwani?"

Alikaa kwa stuli ya Maweu bila kuambiwa karibu. Kafiya aliniambia hajawahi kuona uso wa baba yake ukibadilika namna ile, na hakuelewa, na Dubow alimweleza wakikimbia kwenda stendi, kwa maneno machache, bila kumwangalia.

Walipofika Kitengela kufuli lilikuwa mlangoni; Dubow akafungua na ufunguo wake. Mbuzi wamelala na njaa, maji ya chai yamepoa. Dubow alienda mbio kwa nyumba ya mawe, maana hapo ndipo walikuwa wamekubaliana. Akakuta mabua yametapakaa, alama za gurudumu, na ndala ya mama yake.

Aliiokota akaigeuza. Sasa, mtu akiona ndala moja ya mama yake mahali pa kujificha, na watu hawapo, atafikiri nini? Alifikiri uongo wa flashi umekuwa kweli. Kwamba askari walikuja hata bila kuitwa.

"Baba, wacha tuulize majirani kwanza," Kafiya akasema.

"Nikiuliza majirani, nitakuwa nauliza mpaka kesho, na yeye ako kwa simiti."

"Baba, usiende huko. Tafadhali."

"Kaa na mbuzi. Ufunge."

*

Kwa kituo cha askari alimpata koplo mmoja tu, mtu mnene mwenye sauti ya upole, anakula karanga.

"Warya," akamwita vile watu huwaita Wasomali, "unasemaje?"

"Afande, nimekuja kuuliza kama kuna wamama wawili wameletwa hapa leo. Mke wangu, na mama yangu mzee."

"Leo hatujatoka. Gari haina mafuta." Koplo akatupa karanga mdomoni. "Kwani kwa nini waletwe? Wamefanya nini?"

"Hawajafanya kitu."

"Mtu akipotea unasema amepotea. Wewe unauliza kama wameletwa." Akapangusa mikono. "Bibi yako ako na kitambulisho?"

"Ako nacho."

"Na mama?"

Hapo ndipo Dubow alijua amefanya nini kwa miguu yake mwenyewe. Alikuwa anatafuta uongo, na kabla hajaupata, simu mpya ikalia mfukoni. Ilikuwa wimbo wa ajabu, wa kigeni, msichana analia kwa sauti ya juu, kituo kizima kikajaa. Dubow akaitoa akaigusa. Haikumtambua. Akaigusa tena kwa nguvu. Akaibonyeza kwa kidole gumba. Ule wimbo ukaendelea.

"Leta," koplo akasema. Akateleza kidole mara moja, na sauti ikatoka kubwa, kila mtu aisikie.

"Baba Kafiya! Ni mimi, Nashipae wa maziwa. Usihangaike. Wote wako kwangu, hapa nyuma ya kanisa la mabati. Nyanya amekunywa maji, nimemlaza. Askari hata wakizunguka aje hawatamwona."

Koplo alimwangalia Dubow machoni. Halafu akaongea kwa simu polepole sana, "Sawa, mama. Asante." Akakata.

Koplo akatafuna karanga moja.

"Kwa hivyo nyanya hajapotea," koplo akasema. "Amefichwa."

"Afande, ni mzee. Ni mgonjwa."

"Mimi sijasema kitu." Aliigeuza simu mkononi. Kioo kilikuwa bado na ile plastiki ya dukani juu yake. Akaingiza ukucha pembeni, akaanza kuibandua, polepole, mpaka ikatoka yote, akaikunja akaiweka kwa maganda ya karanga. "Inatuma picha?"

"Inatuma."

"Na intaneti?"

"Walisema iko."

"Nitabaki nayo kidogo niichunguze. Siku hizi kuna simu za wizi." Akafungua mgongo wa simu, akatoa laini, akaisukuma juu ya meza kwa kidole kimoja. "Hii ni yako. Mimi si mwizi."

"Asante, afande," Dubow akasema.

*

Ambiyo ndiye aliyeamua. Walipomfikia kwa Nashipae na Dubow akasema yote, mzee alisikiliza mpaka mwisho, halafu akaomba ndala yake.

"Kama huyo askari anajua niko hapa, nikikaa nitamletea huyu mtoto wa watu shida. Nirudisheni kwa kitanda changu. Na nirudi nimekaa, si nimelala chini ya mabua."

Akarudi amekaa, kwa wilbaro ile ile, mtandio wake umenyooshwa, akisalimia watu. Usiku huo hakuna aliyelala. Walikaa wamevaa nguo zao zote.

Asubuhi, kabla ya chai kuiva, mlango ukabishwa. Kafiya akafungua. Alikuwa ni koplo, bila yunifomu, amevaa shati la kanisani. Alikuwa peke yake. Mkononi alikuwa na simu.

"Hamjambo. Hii kitu imenifungia," akasema. "Inataka namba."

Kafiya ndiye aliyekuwa ameiwekea namba ya siri dukani, kama vile wenzake wa shule wanavyofanya. Koplo akakaribishwa kiti. Mbele yake, pazia likiwa limefunguliwa, Ambiyo alikuwa amekaa kwa kitanda, mgongo wima, anamwangalia.

"Huyu ni nani?" Ambiyo akauliza.

"Ni mtoto wako, nyanya," koplo akasema. "Nimekuja kukusalimia. Umeamkaje?"

"Nimeamka."

Nasteho akamimina chai. Kafiya akaandika namba, akakosea, akaandika tena, simu ikafunguka. Ikatokea ile picha yake akicheka kwa duka la Maweu.

"Toa hiyo," koplo akasema. "Bibi yangu akiona nina picha ya msichana wa watu nitalala nje. Toa na hiyo namba, nisikuwe nikikuja kukusumbua."

Kafiya akajifuta mwenyewe kwa simu, akatoa namba. Akamwonyesha afande jinsi ya kupiga picha, na jinsi ya kuituma. Afande alikuwa mwanafunzi mzuri. Aliuliza maswali. Alikunywa kikombe cha pili.

"Chai yenu ni tamu," akasema. "Maziwa ni ya yule mama, Nashipae?"

Nasteho akamwangalia mumewe. "Ndiyo."

"Nilijua." Akasimama, akaweka simu kwa mfuko wa shati, karibu na moyo. Mlangoni akageuka, akainamisha kichwa kwa Ambiyo kwa heshima kabisa. "Nyanya, upone. Mimi nitakuwa nikipita."

Walisikiliza viatu vyake mpaka vikaisha. Dubow alikuwa hana simu ya kioo wala ya tochi. Huko Isinya yule kijana labda alikuwa anapiga picha mbuzi wake saa hiyo.

"Ukienda dukani leta sukari," Nasteho akasema.

"Sukari si iko?"

"Leta ingine. Umesikia amesema atakuwa akipita."

Dubow akaenda, akaleta, akaiweka kwa meza. Halafu akajilaza kwa mkeka na viatu, akashikwa na usingizi akiwa bado anasema atafute mtu wa kumuazima simu. Ambiyo alikuwa ameshalala akiwa amekaa. Nasteho akamteremsha kichwa kwa mto, akalala miguuni pake.

Kafiya alibaki. Hakuna aliyemgombeza, tangu jana mpaka sasa, na hilo aliniambia lilimwuma kuliko fimbo. Alikaa chini, mgongo kwa mlango, mkono kwa komeo. Kila pikipiki iliyopunguza mwendo hapo nje alilishika kwa nguvu, na ikipita alilegeza. Jua lilizunguka likaingia dirisha la upande wa pili. Pikipiki nyingine ikaja, Nashipae ndiye aliyeiona, ikapunguza mwendo, ikasimama muda mrefu nje ya nyumba, ikaondoka, na yeye hakuisikia. Alikuwa amelala.